Umehamia Ujerumani? Hivi ndo unavyoweza kufaidi wiki yako na wikiendi zako (kutoka Bonn)

Ndugu zangu mliofika huku karibuni, kwa masomo, kazi, ndoa au vyovyote vile, habari za baridi. Mi nimetokea Lushoto, huu mwaka wa sita niko Bonn, na miaka 2 ya mwanzo sikwenda popote. Kazini nyumbani, nyumbani kazini, Jumapili nalala mpaka mchana, hela inayobaki natuma, najiambia raha nitakula nikirudi nyumbani. Mto Rhine uko dakika 10 kutoka ninapoishi na nilikuwa nauona kwenye dirisha la tramu tu. Sasa naona wengi mnapita njia hiyo hiyo, ndo maana nimekaa chini kuandika hivi vitu kwa mpangilio, anza na cha kwanza usiruke, maana ukiruka cha kwanza cha mwisho kitakukwamisha mpakani.

Hatua ya kwanza ni karatasi zako.

Toa kadi yako ya ukaazi uisome tarehe na maandishi yote, hata yale madogo ya nyuma. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani na pasi ya kusafiria ambayo haijaisha muda anaruhusiwa kutembelea nchi zingine za Schengen (zile za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) bila viza nyingine, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, kutembea tu lakini, sio kufanya kazi. Uingereza na Ireland hazimo humo, hizo zinataka viza yake kabisa. Uswisi haiko Umoja wa Ulaya ila Schengen imo, Croatia iliingia 2023, na Romania na Bulgaria mipaka ya barabara na reli ilifunguliwa Januari 2025. Mwenye maombi ya hifadhi ambayo bado hayajajibiwa au mwenye ile karatasi ya Duldung (ya kuahirishiwa tu kuondolewa nchini) asivuke mpaka, tafadhali sana. Na wewe mwenye karatasi ya muda wanayoita Fiktionsbescheinigung, ziko za aina tofauti, kuna inayokuruhusu kutoka na kurudi na kuna isiyokuruhusu, kwahiyo uliza ofisi ya wageni kabla hujakata tiketi yoyote.

Halafu beba pasi yenyewe na kadi yenyewe. Picha kwenye simu haitoshi. Tangu Septemba 2024 polisi wa Ujerumani wanakagua kwenye mipaka yote ya nchi kavu, sio kila gari wala kila treni, lakini hujui siku yako ni lini. Mi nilikaguliwa kwenye basi saa saba usiku natoka Brussels, kuna vijana wawili pasi zao walikuwa wameziacha nyumbani, walishushwa na basi likaondoka.

Hatua ya pili, hela, na hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo inayotufunga wengi.

Tatizo kubwa sio kwamba safari za huku ni ghali. Tatizo ni roho kukusuta, unakula aiskrimu ya euro 2 unawaza hiyo ni zaidi ya shilingi elfu tano, mdogo wako angenunua madaftari. Nyumbani nao wanaona uko Ulaya tu, hawajui kuhusu kodi ya nyumba, bima ya afya, wala ile euro 18.36 ya redio na televisheni ambayo kila nyumba inalipa kila mwezi hata kama televisheni huna. Mi nilichofanya nilimpigia mama nikamweleza ukweli wa mshahara wangu, namba kwa namba, nikamwambia mama kila tarehe 3 nitatuma kiasi hiki, ugonjwa na msiba una mfuko wake pembeni, na kuna euro 60 za kwangu za kutembea ambazo haziguswi. Alikaa kimya kidogo akasema "kumbe ulikuwa hupumziki mwanangu". Tangu siku hiyo natembea kwa amani. Fanya hayo mazungumzo mapema, usisubiri mpaka uanze kukwepa simu.

Hatua ya tatu ni tiketi. Kuna kitu kinaitwa Deutschlandticket, kilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, 2025 ikawa 58, na kuanzia Januari 2026 ni euro 63. Ukiwa nayo unapanda tramu, mabasi ya mjini, treni za chini ya ardhi na treni zote za mikoa (zile zenye herufi RE, RB na S) nchi nzima kuanzia Bahari ya Baltiki mpaka milima ya Alps. Treni za mwendo kasi, ICE na IC, haihusiki. Wengi tunayo tayari kwa ajili ya kazini halafu Jumamosi inalala mfukoni! Kabla hujainunua mwenyewe uliza kazini kama wana Jobticket, ni hiyo hiyo ila mwajiri anachangia, na wanafunzi kwenye vyuo vingi wanaipata kwa asilimia 60 ya bei kupitia ada ya muhula. Angalizo: ni mkataba unaojirudia kila mwezi, ukitaka kuusitisha ni kabla ya tarehe 10, ikipita hiyo unalipa na mwezi unaofuata. Na ina jina lako, huwezi kumwazima shemeji.

Weka apu ya treni kwenye simu, na usiishie kuangalia saa tu, angalia na namba ya jukwaa mpaka dakika ya mwisho maana wanabadilisha. Treni za huku zinachelewa, tena sana, ile sifa ya Wajerumani na muda kwenye reli isahau. Ukibadilisha treni njiani jipe angalau dakika 20 katikati.

Hapo hapo kwenye muda kuna mtego mmoja. Mjerumani akikwambia "halb drei" anamaanisha nane na nusu mchana, yani nusu ya kuelekea saa tatu yao, sio tatu na nusu. Mi nilialikwa kahawa na jirani mzee mmoja hapa kwetu ghorofa ya pili, nikafika saa nzima baadae, keki imekatwa inanisubiri na chai imepoa, niliumia sana. Sasa hivi nikiambiwa muda naomba waniandikie kwa namba, 14:30, kisha kichwani natoa masaa 6 napata saa nane na nusu yetu, hamna kukosea tena.

Huyo jirani ndo aliyenifungulia huu mji. Dirishani kwake kuna vyungu vya maua ya zambarau, nikauliza ni maua gani akajibu Usambaraveilchen. Usambara! Maua ya milimani kwetu kabisa, Wajerumani waliyachukua enzi za ukoloni na leo yanauzwa supamaketi huku kwa euro chache, na jina la Kilatini la Saintpaulia lilitoka kwa ofisa wao aliyekuwa huko kwetu. Nilimwonyesha Lushoto kwenye ramani ya simu na tangu hapo kila Jumapili nikiwepo tunakunywa kahawa. Kwahiyo hatua ya nne ndo hiyo, wasalimie majirani. Ukihamia gonga mlango ujitambulishe, peleka hata maandazi sita kwenye sahani. Wanaonekana wagumu lakini wengi wanasubiri tu mtu aanze.

Hatua ya tano, panga wiki ili wikiendi ibaki wazi. Jumapili maduka yamefungwa, supamaketi zote, ukiacha ya stesheni kubwa na mikate asubuhi. Kwahiyo sokoni unaenda Ijumaa jioni ukitoka kazini, Jumamosi ni foleni. Kufua, kupiga pasi, barua za ofisini (na zipo nyingi), malizia Alhamisi. Jumapili hakuna kupiga nyundo wala kutoboa ukuta wala kutupa chupa kwenye pipa la vioo, ni siku ya ukimya kisheria, na kila siku kuanzia saa nne usiku muziki chini. Wengine wanaona ni mateso, mi nimeipenda, ni siku pekee ambayo hakuna anayekudai kitu.

Chupa za plastiki usitupe, nyingi zina senti 25 kila moja ukirudisha kwenye mashine ya supamaketi. Mfuko mmoja wa chupa ni aiskrimu yako siku ya safari.

Chakula sasa. Ukila vizuri wiki nzima hata hamu ya kutembea unaipata, na kula nje huku kunamaliza bajeti haraka. Unga wa ugali uko kwenye Afroshop, yani duka la vyakula vya Kiafrika, kila mji wa kiasi unalo, usihangaike na semolina ya njano ya mahindi kwenye supamaketi haishikani. Kisamvu kilichogandishwa na dagaa pia huko huko. Sukuma wiki wanaiita Grünkohl, inakuja baridi ikianza, Oktoba Novemba hivi. Bamia, nyama ya mbuzi na ya halali nenda duka la Waturuki. Unga wa ngano una namba, 405 ni laini mzuri kwa maandazi, ila chapati mi naona 550 ndo unavutika vizuri. Na kwenye friza za supamaketi tafuta samaki anaitwa Viktoriabarsch, huyo ni sangara wa Ziwa Victoria, geuza pakiti usome nyuma mara nyingine utakuta imeandikwa Tanzania au Uganda, ukimpika na nazi ya kopo na pilipili mbuzi unasahau kabisa uko wapi.

Siku ya safari pika asubuhi au usiku wake: chapati nne, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai ya tangawizi. Kula kwenye treni za mikoa ni kawaida hakuna anayekushangaa. Maji ya bomba ni salama, beba chupa yako ujaze. Beba na sarafu kidogo, vyoo vya stesheni ni karibia euro 1 na migahawa ya vijijini mingine haipokei kadi.

Hatua ya sita, anza na safari ya nusu siku. Usianze na Paris. Watu wanaanza na Paris wanamaliza hela ya miezi mitatu kwa siku mbili halafu hawatoki tena mwaka mzima. Anza na pale unapopaona kwa dirisha. Kwa sisi wa Bonn ni Drachenfels: tramu namba 66 kutoka stesheni kuu mpaka Königswinter, nusu saa hivi, kisha unapanda kilima kwa miguu kama saa moja ukienda taratibu. Kina mita 321 tu, kwa mtu wa Usambara hicho ni kichuguu, lakini ukifika juu kwenye magofu ya ngome unauona Rhine wote unavyojikunja, meli za mizigo zinapanda polepole, kisiwa katikati, na siku ya anga safi minara ya kanisa kuu la Köln kwa mbali. Mi nilisimama pale nikakumbuka Irente ya kwetu Lushoto, ukiwa ukingoni unaangalia Mazinde kule chini. Nikampigia mama kwa video, akauliza huo mto una mamba, nikasema hauna, akasema basi shuka ukanawe uso. Na nilishuka nikanawa. Kwa wasioweza kupanda kuna treni ndogo ya meno inayopanda mlima tangu 1883, ila Deutschlandticket haifanyi kazi humo unalipa pembeni.

Kama hauko Bonn tafuta Drachenfels yako. Fungua ramani, chora duara la saa moja ya treni, chagua mahali penye mto, mlima au ngome. Nenda mara tatu nne hivi, mwenyewe au na mwenzako mmoja, uzoee kusoma vibao, uzoee na kukosa treni bila kuchanganyikiwa.

Ukishazoea njoo hatua ya saba, safari ya siku mbili kuvuka mpaka, na kuna moja nawashauri wote wenye pasi za Afrika Mashariki muifanye hata mara moja. Nendeni Schengen.

Ndio, Schengen ni kijiji. Kipo Luxembourg, kwenye ukingo wa mto Mosel, pale Luxembourg, Ujerumani na Ufaransa zinapogusana. Tarehe 14 Juni 1985 nchi tano, Ujerumani Magharibi, Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, zilisaini mkataba pale ndani ya meli iliyokuwa mtoni, ndo maana viza ikabeba jina la kijiji. Mi hilo neno nililijua mara ya kwanza kwenye fomu, na barua ya benki, na bima ya safari, na barua ya mwaliko, na kusubiri wiki baada ya wiki, halafu nikasimama pale mchana wa Jumapili kuna mashamba ya mizabibu, bata mtoni, familia zinakula aiskrimu, watu wanavuka daraja na baiskeli kutoka nchi moja kwenda nyingine bila hata kuangalia nyuma. Nilikaa kwenye benchi zaidi ya saa nzima. Nilitoa pasi yangu nikaishika mkononi tu, hakuna aliyeniomba.

Unafika hivi. Jumamosi asubuhi Bonn hadi Koblenz, treni RE5 au RB26, kaa upande wa kushoto uone mto. Koblenz ukipata dakika shuka mpaka Deutsches Eck, pale Mosel inapomwagika kwenye Rhine, maji yana rangi mbili kwa kipande fulani. Halafu treni ya kwenda Trier, tena upande wa kushoto, inafuata Mosel mpaka Cochem kwenye ngome ya juu ya kilima, baada ya hapo mnaingia kwenye handaki la zaidi ya kilomita 4. Kutoka Bonn mpaka Trier hesabu masaa matatu ukiweka na kusubiri, yote kwa tiketi ile ile, hamna cha kuongeza. Trier ni mji wa Warumi, lango lao la mawe meusi, Porta Nigra, lina zaidi ya miaka 1,800 na bado limesimama. Karl Marx alizaliwa hapo 1818, nyumba yao ni makumbusho, waliosoma siasa enzi za Ujamaa watapenda. Lala hapo, vitanda vya hosteli ni nafuu kuliko Luxembourg mara nyingi, ila weka nafasi wiki tatu kabla.

Jumapili asubuhi chukua treni ndogo ya kwenda Perl, unashuka, unavuka daraja kwa miguu, umefika Schengen. Kuanzia hapo mabasi, tramu na treni zote za Luxembourg ni bure kwa kila mtu daraja la kawaida tangu 2020, unaingia tu unakaa. Fika mpaka Luxembourg jijini, tembea juu ya ngome zake ukiangalia bondeni, kuna lifti ya vioo ya Pfaffenthal inakushusha chini nayo ni bure. Jioni treni ya kurudi Trier, mpaka Wasserbillig uko kwenye ya bure, ukishavuka mpaka Deutschlandticket yako inaendelea. Mara ya mwisho mimi safari nzima, kulala na kula humo, haikufika euro 60.

Kuhusu baridi. Usitundike viatu Novemba mpaka Aprili. Desemba jua linatoka saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni, hiyo inaingia mwilini na unaweza kudhani unaumwa au umerogwa, kumbe ni giza. Mwambie daktari akupime vitamini D. Toka mchana hata dakika 30 kila siku. Jumamosi za mvua nenda makumbusho, Haus der Geschichte hapa Bonn ni bure kabisa, utaelewa hawa watu wamepitia nini tangu vita. Nunua viatu vizuri visivyoingiza maji kabla ya kununua jaketi la jina, miguu ikilowa safari imeisha. Ila ukifika Juni jua linazama karibu saa nne usiku, hapo unatoka kazini na bado una nusu siku nyingine ya kukaa mtoni.

Na Krismasi ikikaribia na kiu ya nyumbani ikizidi, nenda Brussels mtaa wa Matonge, pale Ixelles, jina limetoka Kinshasa. Mabasi ya usiku kutoka Köln ni nafuu ukikata mapema. Utasikia zaidi Kilingala na Kifaransa, lakini sikiliza vizuri kwenye masaluni na madukani kuna Kiswahili cha Bukavu na Goma, we salimia tu "jambo yenu" uone sura zinavyofunguka. Mama mmoja anayeuza mboga aliniuliza natoka wapi, nikasema Tanga, akaniongezea fungu zima la sombe (kisamvu kwao) akakataa hela. Ndizi za kupika zipo, mihogo ipo, samaki wakavu wapo. Kwahiyo safari hiyo nguo vaa mwilini, begi liende tupu.